Ua Linaloua: Je, Asiyejua Ana Hatia?



Katika ukurasa huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine watalicheka, yaani paka na maua ya nyumbani. Twaomba msicheke upesi. Ndani ya jambo hili dogo limo swali kubwa la dhamiri, ambalo yatupasa kulitazama kama Wakristo. Swali ni hili: Mtu akileta nyumbani kwake kitu kizuri, akakipenda na kukitunza, wala asijue kwamba ni sumu, kisha kiumbe asiye na kosa akafa kwa kitu hicho, je, mtu huyo ana hatia? Na kama kiumbe huyo ni paka tu, je, swali lenyewe lastahili kuulizwa?

Mnaijua mitaa yetu ya Kamunyonge. Ziwa li karibu, dagaa huanikwa, na palipo dagaa paka hawakosi. Nyumba nyingi zina paka mmoja au wawili, ambao kazi yao ni kulinda mahindi, mtama na udaga dhidi ya panya. Zamani maua yalikuwa nje, uani na kando ya njia. Siku hizi yameingia kibarazani na sebuleni: yamo katika vyungu, katika makopo ya rangi, na katika ndoo zilizopasuka ambazo mama wa nyumba hakutaka kuzitupa. Jambo hili ni jema. Nyumba yenye maua hufurahisha macho ya mgeni, na mwenye kumwagilia ua kila asubuhi hujifunza uvumilivu. Hatuandiki ili kuyapiga vita maua. Lakini baadhi yake ni sumu, na paka ni mwepesi wa kudhurika nayo kuliko wanyama wengi.

Na hapa ndipo penye uchungu. Paka anapokufa ghafula, watu wengi hawayatazami maua yao. Hutazama upande wa pili wa ua. Husema, "Yule jirani alilalamika juzi kwamba paka wetu kala samaki wake. Bila shaka kamtilia sumu." Wengine hufika mbali zaidi, wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Salamu zikakatika, watoto wakakatazwa kucheza pamoja, na siku ya Jumapili ndugu wawili wakakaa pande mbili za kanisa moja, wakaja mezani pa Bwana bila kupatana. Kumbe mauti ilikuwa katika kopo la maua karibu na mlango wao wenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema, kikulacho ki nguoni mwako.

NI MAUA GANI HAYO?

Kwanza ni ua ambalo wauza maua mjini huliita lili. Biblia yetu ya Kiswahili hutumia jina la nyinyoro, ingawa hapa kwetu jina hilo hutumika pia kwa maua ya aina nyingine. Lili nyeupe hupambwa makanisani wakati wa Pasaka katika nchi nyingi za dunia, kwa kuwa weupe wake watukumbusha ufufuo. Kwa paka ua hili ni mauti. Wala si ua peke yake: majani, shina, ule unga wa manjano ulio katikati ya ua, na hata maji ya chombo lilimowekwa, vyote vina sumu. Unga ule ukimwangukia paka mgongoni, yeye hujilamba ili kujisafisha kama ilivyo desturi yake, na kwa kujisafisha hujitia sumu. Hutapika, huacha kula, hujilaza pembeni. Pengine huonekana kama amepata nafuu, kumbe figo zaendelea kuharibika, na katika muda wa siku moja hadi tatu hazifanyi kazi tena. Matibabu yakianza mapema, kabla ya saa 18 hivi kupita, yaweza kumwokoa. Yakichelewa, mara nyingi hapana tumaini. Ajabu ni kwamba mbwa akila ua lile lile hapatwi na ugonjwa huo wa figo, na wataalamu mpaka leo hawajaitambua sumu yenyewe ni kitu gani.

Pili ni oleanda, yenye maua meupe au ya rangi ya waridi, pamoja na ndugu yake wa maua ya manjano ambaye hupandwa sana kuwa ua wa nyumba. Sumu yake hushika moyo. Haichagui: paka, mbuzi, ng'ombe na mtu, wote wanaweza kufa kwayo.

Tatu ni ule mmea wa majani mapana yenye madoa meupe, ambao waupandao sebuleni huupenda kwa sababu hauhitaji jua kali. Wataalamu huuita difenbakia. Ndani ya majani yake mna chembe nyembamba kama sindano. Anayeyatafuna huvimba kinywa na ulimi, hutoka mate mengi, hushindwa kumeza. Kwa kawaida haui, lakini maumivu yake ni makali. Waingereza waliupa jina lenye maana ya ububu, kwa sababu mtu aliyeutafuna hushindwa kusema kwa muda.

Nne ni ule unaofanana na mtende mfupi, upandwao mbele ya ofisi na nyumba za wageni, uitwao sikadi. Sumu yake huharibu ini, na mbegu zake ni kali kuliko majani.

Tano ni mimea tunayoizoea hata tukaisahau. Mshubiri, ambao watu wengi hupaka utomvu wake penye jeraha la moto, humharisha na kumtapisha paka akiula. Minyaa, ambayo wengine huiita manyara, na ambayo imezungushia maboma mengi ya Kanda ya Ziwa, hutoa maziwa yanayounguza macho ya mnyama na ya mtoto vilevile. Na mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, zikitafunwa ni sumu kali kwa kila mwenye pumzi.

Mtauliza, mbona paka hudhurika kwa vitu ambavyo wengine hawadhuriki navyo? Mungu alimwumba paka kuwa mla nyama. Ini lake halina uwezo wa kuvunja baadhi ya sumu na dawa ambazo ini la mtu huzivunja bila taabu. Ndiyo sababu kidonge cha Panadol, ambacho sisi humeza kichwa kinapouma, chaweza kumwua paka. Anayempa paka dawa hiyo kwa huruma amefanya jambo la hatari kwa moyo mwema kabisa. Basi moyo mwema peke yake hautoshi.

WATU WA MARA NA SUMU YA MIMEA

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya kigeni, ya watu wa Ulaya wanaolala na paka kitandani. Watu wa mkoa wetu wanaijua sumu ya mimea tangu zamani. Mfugaji wa Mara hawaachi ng'ombe wake waingie katika shamba la mtama mchanga, kwa maana anajua kwamba mtama huo, kabla haujakomaa, waweza kuwaua ng'ombe kwa muda mfupi. Hakusoma jambo hilo kitabuni. Aliambiwa na baba yake, naye baba aliambiwa na babu.

Kadhalika mihogo michungu. Mihogo si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika ya Kusini, ikaletwa na Wareno, ikasambaa bara pole pole. Ilikuja na sumu yake. Bibi zetu walijifunza kuimenya, kuivundika au kuiloweka, kisha kuianika juani kwa siku za kutosha, hata sumu ikatoka, ndipo wakaisaga. Siku hizo za kungoja zilikuwa ulinzi wa nyumba nzima. Tena tunajua yanayotokea ulinzi huo ukipunguzwa. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, ukame ulipoleta njaa na watu wakategemea mihogo michungu karibu peke yake, siku za kuitayarisha zilifupishwa. Ulizuka ugonjwa wa konzo, ambao humpooza mtu miguu ghafula, na ulemavu wake hauponi. Ugonjwa huo huwapata hasa watoto na akina mama. Waliopika chakula kile hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Walikuwa wakitafuta kuwashibisha watoto wao.

Sasa angalieni tofauti. Muhogo una bibi. Yaani yuko mtu anayeujua, anayemwambia binti, "Huu mchungu, ngoja siku kadhaa." Mtama una babu anayesema, "Wafukuze ng'ombe pale." Lakini lile ua jeupe lililonunuliwa mjini, au ule mche uliokatwa kwa shangazi Mwanza ukaletwa katika mfuko wa plastiki, umekuja bila bibi. Hapana aliyekuja nao ili aseme, "Mwanangu, huu usiuweke pale paka anapolala, wala pale mtoto anapotambaa." Mgeni ameingia nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari zake.

Hilo, twadhani, ndilo kosa lenyewe kama kosa lipo. Kupenda ua si kosa, wala kutojua si kosa. Kosa ni kumkaribisha mgeni wa namna hiyo bila kuuliza.

MAANDIKO YATUFUNDISHA NINI?

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34. Sheria ya Musa yasema habari za mtu aliyefunua shimo au aliyechimba shimo, asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mtu akatumbukia. Mwenye shimo ndiye atakayelipa. Tazameni, sheria haiulizi kama alimchukia yule punda, wala haiulizi kama alikusudia. Yatosha kwamba shimo ni lake na hakulifunika. Mwenye kuleta hatari mahali wapitapo viumbe wasioweza kuitambua, yeye ndiye apaswaye kuitambua kwa niaba yao.

Kisha someni 2 Wafalme, sura ya 4, mistari ya 38 hadi 41. Palikuwa na njaa huko Gilgali. Mmoja wa wale wana wa manabii akaenda kondeni kuchuma mboga, akaona mzabibu-mwitu, akachuma matango yake hata nguo ikajaa, akayakatia ndani ya sufuria. Hawakuyajua. Walipoonja, wakampigia kelele mtu wa Mungu kwamba mauti imo sufuriani. Naye Elisha hakuanza kwa kumtafuta mkosaji, wala hakumwaibisha yule aliyechuma. Aliagiza unga, akautia sufuriani, akakiponya chakula, watu wakala.

Katika habari hiyo twaona mambo mawili. La kwanza, mtu aweza kuleta mauti nyumbani katika nguo yake mwenyewe, akiwa na njaa, akiwa na nia njema, akiwa hata miongoni mwa watu wa Mungu. La pili, waliokoka kwa kuwa walikuwa na sauti. Waliweza kulia. Paka hana sauti hiyo. Hawezi kusema, "Mwenye nyumba, katika chungu hiki imo mauti." Akilia, twadhani ana njaa. Akinyamaza, twadhani amelala.

Na Bwana wetu, katika Luka sura ya 12, mistari ya 47 na 48, alitofautisha mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende, na yule asiyejua. Asiyejua atapigwa kidogo. Kutojua hupunguza hatia, lakini Bwana hakusema kwamba huondoa kila kitu. Kwa nini? Twaona ni kwa sababu mara nyingi mtu asiyejua angaliweza kujua, kama angaliuliza. Methali yetu yasema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na katika maungamo ya sala ya asubuhi na ya jioni, Kanisa letu halitufundishi kukiri yale tuliyoyatenda tu, bali na yale tuliyoacha kuyatenda. Kuuliza ni tendo. Kutouliza ni tendo lililoachwa.

"LAKINI NI PAKA TU!"

Hapa twamsikia msomaji akituambia, "Ndugu waandishi, watoto wana malaria, ada za shule hazijalipwa, nanyi mwahubiri habari za paka!" Neno hili lina uzito, nasi hatulipuuzi.

Ni kweli kwamba katika vitabu 66 vya Biblia tuisomayo, paka hatajwi hata mara moja. Anatajwa katika Waraka wa Yeremia, uliomo katika vitabu vya Deuterokanoni, na pale ameketi juu ya sanamu za miungu ya uongo, akionyesha kwamba sanamu hizo haziwezi hata kumfukuza paka! Lakini Mithali sura ya 12, mstari wa 10, yasema kwamba mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake, wala haitaji aina ya mnyama. Na kitabu cha Yona chamalizika kwa Mungu kumwuliza nabii kama hastahili kuuhurumia mji wa Ninawi, wenye watu wasioweza kupambanua mkono wao wa kuume na wa kushoto, tena wenye wanyama wengi. Mungu aliwahesabu wanyama katika huruma yake siku ile ile alipowahesabu watu.

Historia ya Kanisa letu yatufundisha vilevile. Mwaka 1824, huko London, kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome, aliitisha mkutano ulioanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Chama hicho kilipoingia madeni, Broome mwenyewe alitiwa gerezani mwaka 1826 kwa ajili ya madeni hayo. Na miongoni mwa waliounga mkono chama hicho tangu mwanzo alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyetumia miaka mingi ya maisha yake bungeni kupigana na biashara ya watumwa. Wilberforce hakuona kwamba kumhurumia mnyama kungempunguzia huruma kwa mtumwa. Huruma si debe la maji ambalo ukimchotea mmoja mwingine hukosa. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, iwapasayo wenye wanyama kuwatunza.

Tena, ndugu zetu, ni nani atambaaye sakafuni pale pale apitapo paka? Ni nani atiaye kinywani kila kitu akionacho? Ni mtoto wa mwaka mmoja. Jani la difenbakia lichomalo ulimi wa paka laweza kuchoma ulimi wa mtoto. Mbegu ya mbarika haijui tofauti ya paka na mjukuu. Mama ajifunzaye kuuliza habari za ua kwa ajili ya paka amekwisha kumlinda na mwanawe.

Wengine watasema, "Paka anajua mwenyewe. Mungu kampa akili ya kuchagua." Neno hili nalo lina ukweli kiasi. Paka wa nyumbani ametoka katika jamii ya paka pori wa Afrika, ambaye yuko mpaka leo katika mbuga za Serengeti, katika mkoa wetu huu huu. Paka pori huyo ana nchi nzima ya kutembelea. Akitaka majani ya kusafisha tumbo, ana nyasi za kila namna. Lakini paka wa kibarazani amezungukwa na mimea ambayo wazazi wake hawakuiona kamwe, mingine ikiwa imetoka Asia, mingine Amerika. Hapo akili yake ya asili haimsaidii. Na ikiwa amefungiwa ndani mchana kutwa, hana uchaguzi wowote. Sisi ndio tuliomchagulia mahali pa kuishi, basi sisi ndio tupaswao kupachunguza.

KABLA YA KUMTUHUMU JIRANI

Turudi kwa yule jirani. Kumdhania mtu kwamba ameua, hata kama ameua mnyama tu, ni jambo zito. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na neno linenwalo kwa dhana tu ni jepesi kugeuka kuwa ushuhuda wa uongo. Hatusemi kwamba hakuna watu wanaotega sumu. Wako, na hao watajibu mbele za Mungu na mbele ya sheria. Twasema tu kwamba kabla mtu hajalitamka jina la jirani, yampasa azunguke nyumba yake mwenyewe. Je, kuna jani lililotafunwa? Kuna unga wa ua katika manyoya ya paka? Kuna chombo cha maua kilichopungua maji? Kuna sumu ya panya ambayo yeye mwenyewe aliitega stoo akaisahau? Panya aliyekula sumu akaliwa na paka, naye paka hudhurika.

Kuzunguka huko kwa dakika kumi kwaweza kuokoa urafiki wa miaka 20. Na mtu akigundua kwamba chanzo kilikuwa kwake, asijitese mno. Elisha hakumtesa yule aliyechuma matango. Alitia unga sufuriani, watu wakala. Jambo la kufanya ni kuponya chungu, kisha kuwaambia wengine.

TUFANYE NINI BASI?

Kwanza, kila aletaye mmea nyumbani aulize jina lake na tabia yake. Amwulize aliyempa. Asipojua, amwulize afisa kilimo au afisa mifugo wa kata. Mmea usiojulikana ukae mbali na mikono ya watoto na midomo ya wanyama mpaka ujulikane.

Pili, lili isiingie kabisa katika nyumba yenye paka. Kuiweka juu ya kabati hakusaidii, kwa maana paka hupanda, na unga wake huanguka.

Tatu, wale wanaopamba altare yetu wakumbuke jambo hili wakati wa Pasaka na wa harusi. Ni desturi nzuri kuwapelekea wagonjwa maua baada ya ibada. Lakini kabla ya kupeleka lili katika nyumba ya mgonjwa, ulizeni kwanza kama ana paka. Zawadi ya Kanisa isiwe msiba wa mtu mpweke ambaye paka ndiye mwenziwe wa pekee.

Nne, yako maua yasiyo na sumu kwa paka. Waridi ni mojawapo, ingawa lina miiba. Mrihani wenye harufu nzuri ni mwingine. Na liko ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni milima ya nchi yetu, hasa Usambara na Uluguru. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huko Usambara, alilipeleka kwao, na sasa lapambwa madirishani duniani kote. Watu wa mbali wanalifuga ua letu kwa salama, nasi twatafuta ya kwao yenye sumu!

Tano, paka akionekana ametafuna mmea usiojulikana, mwondoleeni mabaki kinywani, mfuteni manyoya kwa kitambaa chenye maji, mkampeleke upesi kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Msimnyweshe mafuta wala maji ya chumvi, na msimpe dawa za binadamu. Msingoje kesho mkidhani amepata nafuu.

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Asiyejua, na ambaye hakuwa na njia ya kujua, hana hatia, nasi tusimhukumu. Mwenye njia ya kuuliza asiulize, ana sehemu ya lawama, hata kama alilipenda ua kwa moyo safi. Na aliyejua akanyamaza, asimwambie jirani yake, huyo ndiye shimo lake li wazi kuliko mashimo yote, kwa sababu alishika kifuniko mkononi, akaenda zake.

Nasi ndugu, kwa kuwa mmeusoma ukurasa huu, hamumo tena katika kundi la kwanza. Msisikitike kwa hilo. Yule bibi aliyejua habari za mihogo, naye siku moja aliambiwa na mtu. Basi leo jioni, upepo wa ziwa ukianza kuvuma nanyi mmekaa kibarazani, yatazameni maua yenu moja moja. Lile msilolijua, liulizeni jina. Kisha mkamwambie na jirani mliloambiwa.

Mungu Muumba wa vyote, vikubwa na vidogo, awabariki ninyi na nyumba zenu.